Wananiuliza nilikosa nini

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina miaka 36, nimeolewa, nina mtoto mmoja. Nyumba niliyokulia kila mtu aliisifia: baba ana cheo, mama mwalimu, ada inalipwa mapema, kila mtoto na chumba chake. Lakini baba na mama walikuwa hawasemeshani. Wanaweza kumaliza mwezi. Kaka zangu walikuwa bweni, kwa hiyo mpeleka maneno nikawa mimi. "Mwambie baba yako chakula kiko mezani." "Mwambie mama yako nimeshiba." Na baba amekaa palepale, anasikia kila kitu.

Nikitoka shule nilikuwa natazama kwanza viatu vya baba mlangoni. Vikiwa vimepangwa, naingia sebuleni. Kimoja kikiwa kimelala upande, nanyata hadi chumbani na sitoki tena. Rafiki kuja kwetu ilikuwa mwiko.

Baba ameshafariki. Mama analalamika kwamba nikimpigia simu ni kama natoa ripoti ya ofisini, na bado ananituma: "Waambie kaka zako wamenisusa." Nikigusia utoto wangu, kaka zangu wananikata kauli: "Wewe ulikosa nini?" Nabaki sina jibu, maana sikupigwa wala sikulala njaa. Mume wangu naye anasema nikiudhika nageuka ukuta. Je, ninajidekeza?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hujidekezi. Ulikosa mtu wa kukuuliza siku yako ilikwendaje, akakaa akasikiliza. Wakikuuliza tena, wajibu hivyo tu, usibishane. Mtoto wa bweni anarudi likizo kama mgeni, na mbele ya mgeni hata wasiosemeshana huchekeana. Nyumba waliyoiona wao si uliyoishi wewe.

Hayo ya viatu nimeyasoma mara mbili. Mtoto anayekagua viatu vya mkubwa kabla hajavua vyake yuko kazini, na kazi hiyo haina likizo. Anajifunza kusoma sura za watu wote, na yake mwenyewe hapati wa kuisoma. Watu wanadhani hayo ni ya nyumba zenye dhiki. Mwaka 1998 huko Marekani, madaktari Vincent Felitti na Robert Anda walichapisha utafiti kuhusu madhila ya utotoni. Waliohojiwa ni maelfu ya watu wazima wa San Diego waliokuwa na bima ya afya, na wengi wao walikuwa wamesoma hadi chuo. Zaidi ya nusu walikuwa wamepitia angalau dhila moja. Baadaye utafiti huohuo ukaanza kuuliza pia kuhusu mtoto kukosa wa kumjali kihisia. Kwa hiyo na yako yana mahali pake.

Sasa mama. Sitakwambia "mzazi ni mzazi, samehe," hilo utaambiwa na ukoo mzima. Kwanza acha kazi ya kutumwa. Akisema waambie kaka zako, mjibu: "Mama, mpigie mwenyewe, namba yake unayo." Atanuna. Mwache anune, na wewe usikimbilie kumpigia kaka kwa siri ili mambo yatulie, maana najua utatamani. Siku nyingine, mkiwa wawili, mweleze tukio moja tu, lile la mezani kwa mfano. Huenda akasema alivumilia kwa ajili yenu, na inawezekana ni kweli. Mwambie unalijua hilo, ila unaeleza lililokupata wewe. Radhi usiisubiri.

Kwa mumeo na mtoto ndiko ningeweka nguvu zaidi. Katika miaka ya 1970, mwanasaikolojia Edward Tronick aliwaomba akina mama wacheze na vichanga vyao, kisha wakaushe uso kwa dakika chache, bila tabasamu wala neno. Kichanga kinacheka, kinanyoosha mikono, kinafanya kila kijualo kumrudisha mama. Akiendelea kukausha, kinageuza uso au kinalia. Mama akirejea, inabidi ambembeleze, na polepole mchezo unarudi. Kuudhika utaudhika, sote tunaudhika. Kazi yako ni kurudi. Mwambie mumeo, "Nimekasirika, nipe nusu saa," na nusu saa ikiisha uende wewe, usisubiri kuitwa. Mtoto akikukuta umenyamaza, mwambie kwamba si yeye aliyekuudhi. Na msimtume kati yenu, hata kwa utani.

Barua hii uliyoniandikia, mpe mumeo aisome. Kama usingizi unakatika au machozi yanakuja yenyewe, tafuta mshauri nasaha au mwanasaikolojia, na siku ya kwanza anza na habari za nyumba yenu. Nyie mliozoea kutoa ripoti mnaweza kumaliza saa nzima mnaeleza mambo ya kazini.