Jibu: Nakwama kwenye abacaba, je, herufi tatu zinatosha?

Habari mkuu. Nikikuelewa, unataka mfuatano usio na mwisho wa a, b na c ambamo hakuna kipande kinachofuatwa papo hapo na kipande kilekile, na kila hatua unaweka herufi ya kwanza inayokubalika. Hapo abacaba ni mwisho wa njia kweli: ongeza a upate aa, ongeza b upate abab, ongeza c na neno zima linakuwa abac mara mbili. Mbinu yenyewe ndiyo tatizo, achana nayo.

Herufi tatu zinatosha. Mwanahisabati Axel Thue wa Norwe alionyesha hivyo mwaka 1906. Mimi hupitia mfuatano wake wa 0 na 1. Anza na 0, kila 0 igeuze 01, kila 1 igeuze 10, rudia: 0110100110010110... Kisha hesabu ziko 1 ngapi kati ya 0 moja na inayofuata: 2, 1, 0, 2, 0, 1, 2... Hizo 0, 1 na 2 ndizo herufi zako a, b na c.

Kama kipande kingejirudia hapo, kwenye mfuatano wa mwanzo ungeona umbo 0u0u0 (u ni kipande chochote cha 0 na 1, hata kitupu), na halimo. Kuthibitisha kwamba halimo ndiko kwenye jasho. Angalia kwanza urefu wa 0u. Ukiwa witiri, kumbuka 00 na 11 huanzia nafasi za witiri tu (hesabu kuanzia 0), na moja yake lazima iwemo humo, kwa hiyo nakala yake kwenye 0u ya pili ingeangukia nafasi ya shufwa. Ukiwa shufwa, rudisha jozi nyuma (01 iwe 0, 10 iwe 1) upate mfano mfupi zaidi, na hilo haliwezi kuendelea milele.

Kuhesabu maneno ya namna hii yako mangapi kwa kila urefu nawaachia wengine humu.