Kufuta jina hakutoshi

Umeuliza kama kisa cha mgonjwa aliyepoteza uwezo wa kuona baada ya maambukizi ya virusi kinaweza kusambazwa bila ruhusa yake, mradi jina limefutwa. Kwangu, hapana. Ugonjwa ukiwa nadra, umri, kazi na mwezi alioanza kuugua vinatosha kumtambulisha. Aombwe ridhaa, aonyeshwe kilichoandikwa, na aweze kukataa bila kuhofia matibabu yake.

Visa hivi vina thamani kubwa, sikatai. Daktari Ian Crozier aliugua Ebola mwaka 2014 akihudumia wagonjwa Sierra Leone. Alipopona, virusi vilikutwa vikiishi ndani ya jicho lake ilhali damu ilikuwa safi. Kisa hicho kilichapishwa 2015, na mwenyewe alikizungumza hadharani. Hiyo ndiyo tofauti.

Ila kisa kimoja hakithibitishi chanzo. Jicho kufifia muda mfupi baada ya mafua huenda kukatokana na kuvimba kwa neva ya jicho, au na kisukari kilichokuwa hakijagunduliwa. Msimulizi aseme hivyo waziwazi, maana msomaji mwenye hofu anaweza kukaa nyumbani akingoja apone kama yule aliyemsoma, wakati kupungua kwa uoni ghafla ni dharura ya hospitali siku hiyohiyo.