Shughuli ya Taasisi Dar es Salaam: Anza na Hesabu ya Dakika

Ukiteuliwa kwa mara ya kwanza kwenye kamati ya maandalizi, iwe ya mkutano mkuu wa mwaka, warsha au uzinduzi wa mradi, mazungumzo ya kwanza yatakuwa ya mabango, fulana na rangi ya vitambaa vya meza. Hayo yasubiri. Shughuli nyingi za hapa mjini huharibikia mlangoni, kwenye foleni ya chakula na pale umeme unapokatika. Yote matatu yanahesabika wiki mbili kabla, kwa kalamu na karatasi.

Tarehe inatangulia ukumbi. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, Mto Msimbazi ukifurika Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani, mabasi ya mwendokasi husimama, na washiriki wanaotoka Kimara na Mbezi hawafiki Posta, katikati ya jiji. Kama lazima iwe Aprili, tafuta ukumbi upande wa Ubungo au Barabara ya Sam Nujoma. Siku za maonesho ya Sabasaba epuka kumbi zinazofikika kwa Barabara ya Kilwa. Ijumaa inafaa, lakini acha nafasi kuanzia saa 6:30 hadi saa 8:00 mchana kwa ajili ya swala. Ukibana muda huo, nusu ya ukumbi itatoka katikati ya mada na mtoa mada atabaki anaongea na viti. Wageni wa mikoani wanaoshukia Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, wafike jioni ya siku moja kabla. Usimpangie mtu kushuka basi alfajiri na kuwa ukumbini saa 2:30.

Sasa asubuhi yenyewe. Ipange ukianzia kwa mgeni rasmi na kurudi nyuma. Tuseme anaingia saa 4:00 na una washiriki 180. Wote wawe wameketi saa 3:45. Mtu mmoja kuandika jina, taasisi, simu na kuweka saini huchukua kama dakika moja, kwa hiyo meza moja ya usajili itahitaji saa tatu, meza tatu zitahitaji saa moja. Hiyo ni hesabu ya watu wanaofika kwa kupishana; hapa hawapishani, wengi hufika pamoja foleni ya magari inapoachia. Weka meza nne, usajili uanze saa 2:00, na barua ya mwaliko iseme saa 2:30. Ukigawa meza kwa herufi za majina ya ukoo, herufi M ipewe meza yake peke yake: Massawe, Mushi, Mrema, Mohamed, Mwakalinga wote wako hapo. Wanaogawa A hadi M na N hadi Z hushangaa meza moja ikizidiwa huku nyingine wahudumu wamekaa.

Mgeni rasmi naye huweza kuchelewa, au kutuma mwakilishi saa chache kabla. Barua yake iende angalau wiki nne mapema, ikitaja mahali, idadi ya watu na anachoombwa kufanya, kisha rasimu ya hotuba imfikie msaidizi wake wiki moja kabla. Mada ya kwanza iwe ya kusogezeka: mgeni akichelewa inaanza, akifika inasimama. Mshereheshaji alijue hilo mapema, na ajue pia ni mtu gani mmoja mwenye mamlaka ya kubadili ratiba siku hiyo. Wakiwa watatu, kila mmoja atamnong'oneza lake. Utambulisho usizidi dakika kumi. Orodha ya itifaki ipitiwe na mtu wa ofisi ya mgeni, kwa sababu jina lililorukwa huuma kuliko chai iliyopoa.

Kuhusu umeme, kila ukumbi utakuambia jenereta lipo. Swali la kuuliza ni linabeba nini. Mara nyingi linabeba taa na soketi, viyoyozi vinabaki vimezimwa, na ukumbi wa watu 180 mwezi Februari haukaliki bila viyoyozi. Siku moja kabla, omba swichi kuu izimwe na uangalie: nani analiwasha, limechukua dakika ngapi, dizeli iliyomo ni ya saa ngapi. Kompyuta ya mada na mashine ya kuchanganyia sauti vichomekwe kwenye UPS, kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme kwa muda, maana sekunde chache za giza zinatosha kuvizima na kuvirudisha hewani huchukua dakika nyingi. Vipaza sauti vinne vinatosha: kimoja jukwaani, kimoja meza kuu, viwili vya kuzunguka kwa washiriki, vikiwa na betri mpya na nyingine za akiba. Spika zikae mbele ya msemaji. Zikiwa nyuma yake, kipaza sauti kitapiga mluzi.

Chakula kina hesabu mbili. Ya kwanza ni bei: uliza kama VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18 imo ndani. Sahani ya shilingi 25,000 isiyo na VAT inakuwa 29,500, na kwa watu 180 tofauti ni shilingi 810,000. Katika idadi hiyo ongeza madereva, waandishi, mafundi mitambo na walinzi, ambao kamati mpya huwasahau. Ya pili ni foleni. Mtu hujipakulia kwa sekunde 25 hivi, kwa hiyo mstari mmoja wa watu 180 utachukua dakika 75. Meza mbili zinazopakulika pande zote mbili ni mistari minne, na dakika 75 zinashuka chini ya 20. Supu na matunda viwe meza ya pembeni. Usiruhusu nyama ya nguruwe kwenye bufee ya pamoja, na uwe na sahani za kutosha kwa wasiokula nyama kabisa.

Nauli za washiriki zitajwe kwenye barua ya mwaliko, kiasi na namna ya kulipwa. Ukilipa asubuhi, baada ya chai viti vitakuwa vitupu. Lipa jioni kwa simu, na kwenye usajili hakikisha namba imesajiliwa kwa jina la mshiriki mwenyewe, kwani mkaguzi atakataa malipo yaliyoingia kwa jina la shemeji. Bajeti ibebe makato ya kutuma. Risiti za EFD, yaani za mashine ya kielektroniki ya kodi, zidaiwe kabla mzabuni hajaondoa vyombo ukumbini. Akishamaliziwa malipo, kumpata ni kazi ya wiki nzima, na masurufu uliyochukua, yaani fedha ulizopewa na ofisi kwa ajili ya shughuli, yanabaki yamesomeka kama deni lako.