Diski za breki kugandishwa

Boss, umeuliza kama kugandisha diski za breki kwa naitrojeni ya kimiminika, ile ya -196°C, kunazifanya zidumu zaidi; si uongo, ila faida kubwa iko kwa chuma kigumu kama drili na visu vya mashine, baridi ile inamalizia kugeuza sehemu laini zilizobaki ndani zikawa ngumu. Diski nyingi ni chuma cha kumimina, hizo sehemu karibu hazimo, usitegemee maajabu. Mimi niko gereji hapa Kampala, diski zinazoletwa zimekwisha mara nyingi pedi iliisha zamani mpaka bati la nyuma ya pedi linasaga diski yenyewe, au mtu ameteremka milima ya Kabale mguu juu ya breki mpaka chini wala hashushi gia. Hiyo pesa ya kugandisha weka kwa pedi nzuri.