Je, watu wa Kilwa walifika Melaka?

SWALI: Mzee wetu Mwalimu, salamu nyingi. Mimi ni wakala wa forodha hapa Malaba. Mgeni mmoja kutoka Malaysia aliniambia kwao ni Melaka, bandari ya kale ambako hata watu wa pwani yetu walifika. Ni kweli, au alitaka kunifurahisha tu? (Msomaji, Malaba)

JIBU: Salamu nimezipokea, mwanangu. Ni kweli. Mreno Tomé Pires, mtaalamu wa dawa aliyekaa Melaka kuanzia 1512 hadi 1515, aliandika orodha ndefu ya wageni wa bandari hiyo, na mwanzoni kabisa wamo watu wa Kilwa na Malindi. Nilifundisha historia Tororo miaka mingi, na kila nikifika hapo moyo ulikuwa unanidunda.

Mji huo uliasisiwa karibu mwaka 1400 na Parameswara, mwana wa mfalme kutoka Palembang, kisiwani Sumatra, ukakuzwa na pepo zilezile wanazozijua mabaharia wetu. Kusi iliwaleta Wahindi, kaskazi ikawaleta Wachina. Ukishauza huondoki mpaka upepo ugeuke, kwa hiyo watu walikaa miezi, wakapanga nyumba, wengine wakaoa. Wajukuu wa Wachina hao, waitwao Baba na Nyonya, wapo mpaka leo. Pires alisema bandarini zilisikika lugha 84!

Wewe unayeshinda kwenye foleni ya malori, sikia hili. Melaka ilikuwa na wakuu wanne wa bandari, kila mmoja na watu wake: Wagujarati peke yao, kwa wingi wao, Wahindi wengine pamoja na watu wa Bengal na Pegu (Burma), watu wa Java na visiwa vya viungo, na Wachina. Nahodha akitia nanga, mkuu wake humpokea, humpa ghala, na huagiza tembo wa kubeba mizigo. Cheo chao kiliitwa syahbandar, na hiyo “bandar” ndiyo bandari yetu, neno la Kiajemi.

Mwaka 1511 Mreno Afonso de Albuquerque aliuteka mji. Wareno wakajenga ngome kwa mawe ya misikiti na makaburi ya wafalme, jambo linaloniuma hata leo. Waholanzi wakaja 1641, Waingereza wakakabidhiwa 1824.

Mgeni wako akipita tena, mwulize kwao bendera wanaiitaje. Atakujibu “bendera”. Meza ni “meja”. Yote ni ya Mreno. Kisha mwulize “gereja” ni nini: kwao ni kanisa. Neno hilohilo la Kireno lilipofika pwani yetu likawa gereza.