Madirisha ya kompyuta ni ya nani?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasomea kompyuta katika chuo kimoja hapa mjini. Kaka yangu anashikilia kwamba Bill Gates ndiye aliyebuni kipanya na madirisha. Mimi nimesoma kwamba Apple waliviiba kwa Xerox. Nani mkweli? – Msomaji, Umoja, Nairobi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nyote mmeanzia katikati. Kipanya ni kazi ya Douglas Engelbart na mwenzake Bill English, kule California. Cha kwanza kilikuwa kijisanduku cha mbao chenye kitufe kimoja. Desemba 1968 Engelbart alikionyesha hadharani San Francisco.

Madirisha nayo, yaani vile visanduku vya kazi vinavyofunguka kwenye skrini, yalikulia katika maabara ya Xerox, kampuni ya mashine za kunakili, huko Palo Alto, California, kwenye kompyuta ya Alto ya mwaka 1973. Lakini Xerox walipoleta kompyuta yao ya Star sokoni mwaka 1981, mashine moja iliuzwa zaidi ya dola 16,000. Ofisi ngapi zingeimudu?

Kuhusu wizi, Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wa Apple, aliingia maabara hiyo mwaka 1979 kwa ruhusa, baada ya Xerox kukubaliwa kununua hisa za Apple. Mtafiti mmoja wa pale, Adele Goldberg, alipinga kazi yao ionyeshwe wageni. Namwunga mkono: wakubwa waliigawa bila kujua thamani yake.

Hata hivyo, Apple hawakunakili tu. Weka karatasi mbili mezani, moja ifunike nusu ya nyingine. Sasa jaribu kuandika kwenye ile ya chini bila kuchafua ya juu. Huo ndio mtihani alioukabili Bill Atkinson wa Apple. Aliamini Xerox walikuwa wameshaufaulu, kumbe sivyo, akakesha mpaka akapata hesabu za kuchora sehemu inayoonekana peke yake. Kazi hiyo ilitoka na kompyuta ya Apple iitwayo Lisa mwaka 1983, kisha ikabanwa ndani ya Macintosh ya 1984 yenye kumbukumbu ya kilobaiti 128. Picha moja ya simu yako haitoshei humo! Kwangu mimi, Atkinson anastahili kutajwa kabla ya Jobs.

Nasema hivyo kwa sababu nimekuwa mhazili, Moi Avenue, enzi za DOS, mfumo wa kuendesha kompyuta kwa amri za kuandika, bila madirisha. Kunakili barua kwenye diski uliandika amri nzima, na ukikosea herufi moja tu, kompyuta ilikataa. Siku nilipofungua barua mbili kwa pamoja, nikahamisha aya kutoka hii kwenda ile, nilimwita kila mtu aje aone.

Na Gates? Windows ya kwanza ya kampuni yake, Microsoft, ilitoka Novemba 1985, na madirisha ya programu yalipangwa ubavu kwa ubavu, hayakuweza kulaliana. Yaliweza katika toleo la pili, 1987. Mwaka uliofuata Apple wakawashtaki Microsoft, wakashindwa. Windows 3.0 ya 1990 ndiyo iliyoingia maofisini kwa kishindo, maana ilikubali kompyuta za bei nafuu za makampuni mengi. Hapo kaka yako ana hoja.