Mkaguzi kagonga mlango saa kumi na mbili asubuhi: ya kujua kwa mnaoanza kazi ya kea, yaani kutunza wazee, Uingereza

Kwetu siku ya mkaguzi shuleni mnaijua. Wiki nzima mnafyeka, mawe ya kandokando ya njia yanapakwa chokaa, mwalimu mkuu anatoa suti ya harusi, vilaza wanaambiwa wabaki nyumbani na wanaojua kusoma wanakaa dawati la mbele. Mkaguzi anakula kuku, anasaini kitabu cha wageni, anaondoka. Mimi nilikuja huku 2022 kipindi kile walipofungua viza za kea, na hiyo picha nilikuja nayo vilevile, nikaipakia kwenye begi pamoja na dagaa. Iliniponza.

Najua ule mlango ulishafungwa kwa wanaoomba kutokea nje, tangu Julai 2025, kwahiyo mnaoanza sasa wengi wenu ni wanafunzi wa zile saa 20 kwa wiki, au mmekuja kwa viza ya mume au mke, au mmehama kutoka kwa mwajiri mwingine. Haijalishi. Ukishavaa tu ile tunik, sare ya kazi, na mkaguzi akakukuta kwenye korido, wewe ndo nyumba ya wazee yenyewe.

Wakaguzi ninaowasema ni CQC, yaani Care Quality Commission, ndo wanasimamia England tangu 2009. Aliyeko Scotland anakaguliwa na Care Inspectorate, Wales na Northern Ireland nao wana za kwao, usije ukabishana na shemeji yako wa Glasgow bure. Wanaangalia mambo matano: wazee wapo salama au la, huduma inasaidia kweli au ni geresha, mnawajali, mnamfuata kila mzee na mahitaji yake, na uongozi ukoje. Alafu wanatoa daraja. Zipo nne, Outstanding ambayo ni ya kutafuta kwa tochi, Good, Requires Improvement, na Inadequate ambayo ukiisikia anza kuuliza kazi kwingine.

Na kwenye nyumba za wazee mara nyingi hawapigi simu kusema tunakuja, wanatokea tu.

Kwangu ilikuwa Jumanne ya Januari, namalizia shifti ya usiku, nyumba ya vitanda 38 na usiku ule tulikuwa watatu. Saa kumi na mbili na robo asubuhi kengele ya mlangoni ikalia, nikajua ni mtu wa shifti ya mchana kawahi. Nafungua namkuta mwanamama na mwanaume wana vitambulisho shingoni, habari za asubuhi, sisi ni CQC. Tumbo likakata. Na hapo hapo nikafanya kosa la kwanza, nikawapisha kama wakwe, sikuangalia kitambulisho wala sikuwaambia wasaini. Yule mama akasimama hapo hapo kwenye zulia akaniuliza kwa upole kabisa, umejuaje kwamba sisi ni kweli wakaguzi? Mdogo wangu, mgeni yeyote, hata akija na suti na kompyuta, soma kitambulisho, asaini, mwite senior, yaani kea mkubwa wa zamu. Hatakasirika, atakuandika vizuri.

Tukaingia sebuleni. Wazee saba wameshavaa, wamepangwa kwenye viti, wawili wamelala midomo wazi, nje giza totoro. Mimi nilikuwa najiona shujaa, maana watu wa mchana walikuwa wananuna wakikuta wazee bado kitandani, kwahiyo usiku tulikuwa tunaanza kuamsha saa kumi na moja ili tukabidhi kazi imeisha. Mkaguzi akauliza swali moja, nani kati ya hawa ameomba kuamka saa hizi? Kimya. Akaenda kufungua kea plani zao, yaani maandishi ya kila mzee anahudumiwaje, moja baada ya nyingine, na ya babu mmoja imeandikwa wazi kwamba alikuwa dereva wa mabasi ya usiku maisha yake yote, anapenda kulala mpaka saa tatu. Na mimi nilikuwa nimemuamsha, nimemnyoa, nimemvalisha na tai.

Alafu ikaja chai.

Bibi wa chumba namba 14 alikuwa kwenye chati ya vinywaji, yaani kila anachokunywa kinaandikwa kwa mililita, kwasababu alikuwa anapata UTI mara kwa mara na mzee akipata UTI anaweza kuchanganyikiwa usiku mmoja mpaka ukadhani kapata dimenshia, ule ugonjwa wa kusahau, ghafla. Mimi nilimwekea chai kwenye kimeza, nikaandika kwenye chati 150 ml, nikasaini, nikakimbia chumba kingine, nia yangu nirudi nimnyweshe. Sikurudi. Mkaguzi akaingia akakishika kikombe, kimejaa, kimeganda utando wa maziwa juu, akaangalia chati, akaniangalia. Amekunywa chai yake? Nikasema ndiyo. Sijui kwanini nilisema ndiyo, kikombe kimejaa tupo watu watatu tunakitazama. Na bibi mwenyewe kutoka kwenye mto akasema, hapana mpenzi, sijaigusa, imepoa.

Hakunipigia kelele. Alichofanya ni kuomba chati za wiki mbili nyuma za wazee wote, akakaa nazo ofisini. Na sasa nikiwa senior ndo naelewa alikuwa anatafuta nini, maana na mimi naiona siku hizi kwa sekunde kumi. Chati ya uongo ni nzuri mno. 150, 200, 150, 200, kalamu moja, saa zile zile kamili, hakuna siku bibi kakataa, hakuna siku kamwaga, hakuna siku kanywa funda mbili kalala. Binadamu hanywi hivyo. Ile ya kumgeuza mzee kitandani kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia nayo ni hivyo hivyo, ukikuta imeandikwa saa 8:00, 10:00, 12:00 kwa wazee tisa wote dakika ile ile, na usiku mlikuwa watatu, mlikuwa mnaruka?

Kwahiyo andika ukishafanya, na andika kilichotokea. Kanywa 40 ml andika 40. Kakataa, andika kakataa, umerudi baada ya nusu saa kakataa tena, umemwambia senior. Wageni wengi wanadhani kuandika "kakataa" ni kujichongea, kumbe ndo kunamuokoa mzee, maana nesi au GP, daktari wake wa mtaani, anasoma ile jumla ya siku ndo anaamua amwongezee nini. Ukiandika 1,500 wakati kanywa 600 daktari anatibu karatasi. Na ukikosea kuandika usifute kwa korekta, piga mstari mmoja, saini, andika upya. Kama mnatumia simu au tableti ndo kabisa, mashine inatunza saa uliyobonyeza, ukijaza shifti nzima saa moja kasoro asubuhi inaonekana.

Hili la kukataa linatusumbua sisi kwasababu ya malezi pia. Nyumbani bibi akikataa kuoga tunambembeleza, tunamtania, mwisho wa siku tunambeba. Tunaita mapenzi. Huku ipo sheria ya Mental Capacity Act ya 2005, inasema mtu mzima anahesabiwa ana uwezo wa kujiamulia mpaka ithibitike hana, na kuamua vibaya sio ushahidi kwamba hana. Bibi anataka keki kabla ya kifungua kinywa, ni yake. Kama hana uwezo kwa jambo fulani kuna taratibu zake na karatasi zake, ila sio wewe kuamua kwenye korido. Mkaguzi atasikiliza namna unavyogonga mlango, unavyouliza nguo ya bluu au ya kijani, unavyofunga pazia kabla ya kumvua. Na jina la kumwita unamuuliza mwenyewe, wengine wanapenda Mrs na jina la ukoo. Mimi nilikuwa nawaita wote "mama", nikijua natoa heshima, mpaka mmoja akaniambia sina mtoto, usinikumbushe.

Sasa hili nisikilizeni vizuri, maana hakuna manija atawaambia. Kuna ukaguzi ambao hauonekani kama ukaguzi. Mkaguzi anakaa sebuleni kwenye kochi, kimya, ana fomu mapajani, anatazama tu wale wazee wasioweza kujieleza wanavyohudumiwa, anaandika kila baada ya dakika chache mzee alikuwa kwenye hali gani, nani kamgusa, nani kamsemesha. Wanaita SOFI. Anaweza pia kuja na mtu anayeitwa Expert by Experience, mara nyingi ni mtu aliyewahi kutunzwa au kutunza mzazi wake, anavaa kawaida, ukimuona unadhani ni ndugu wa mgonjwa. Na unajua wanatukuta tunafanya nini? Tumesimama pembeni ya mzee, kijiko mkono wa kulia, tunaongea Kiswahili na mwenzetu ng'ambo ya meza, Simba kafanya nini Yanga kafanya nini, na mzee wa watu yupo katikati anageuza shingo kama anaangalia tenisi. Kwake ni sauti za watu wasioeleweka wanacheka juu ya kichwa chake. Anaweza kudhani anachekwa yeye. Nimeshawahi kuwa mimi, na sina la kujitetea. Lisha umekaa, macho yenu sawa, muongeleshe yeye. Simba watakuwepo chumba cha mapumziko.

Maswali watakayokuuliza wewe binafsi sio magumu. Huyu bibi anapenda nini? Ukiona mwenzako kampiga mzee au kamchukulia hela utafanya nini? Unaripoti kwa senior au manija, manija akikaa kimya au ndo mwenyewe mhusika unaenda juu, kuna kitengo cha safeguarding, cha kuwalinda wasidhulumiwe, cha halmashauri na kuna CQC wenyewe. Umefundishwa hoisti, ile mashine ya kumnyanyulia mzee, lini, na mnakuwa wangapi? Jibu la hapa kwetu ni wawili, na kama kea plani ya mzee inasema slingi, kile kitambaa cha kumbebea kwenye hoisti, iwe ya kati usichukue ya kubwa kwasababu ndo iliyokuwa karibu. Moto ukitokea babu wa chumba 9 anatolewaje? Hujui, sema sijui, imeandikwa kwenye plani yake ya dharura, twende nikuonyeshe. Hilo ni jibu zuri kuliko mashairi. Kuna dada mmoja tulifanya naye kazi alikariri sera nzima ya nyumba, akaimwaga yote, mkaguzi akamuuliza na huyu mama hapa anakula chakula cha namna gani, akabaki anatoa macho. Yule mama alikuwa wa kulainishiwa chakula, angempa biskuti angepaliwa.

Vidogo vidogo vya majengo vinamhusu zaidi manija ila na wewe viangalie: dirisha la ghorofani lisifunguke zaidi ya milimita 100, maji ya kuogea yasizidi nyuzi 44, friji ya dawa iwe kati ya 2 na 8, hoisti iwe na stika ya kukaguliwa ndani ya miezi 6. Dawa kali kama mofini zina kabati lake na rejista yake, mkiambiwa watu wawili wasaini basi wawili mshuhudie, sio mwingine kusaini kesho.

La mwisho ndo zito. Kuna waajiri wanaokuita kabla ya ukaguzi, ukiulizwa sema tunakuwa sita, ukiulizwa sema umepata trening. Na wewe viza yako ipo mikononi mwake. Naielewa hiyo hofu, nimelala nayo. Lakini rota, ratiba ya zamu, wanaiona, mishahara wanaweza kuilinganisha, na familia za wazee zinaongea. Una haki ya kuongea na mkaguzi faragha, mlango umefungwa, na ipo sheria tangu 1998 ya kumlinda mfanyakazi anayefichua maovu. Sikudanganyi kwamba ni rahisi, mwajiri akipokonywa leseni ya kudhamini viza kwa kawaida Home Office, wizara ya mambo ya ndani, wanakupa siku 60 kutafuta mwingine, na siku 60 zinakimbia. Kwahiyo weka kumbukumbu zako, tarehe, shifti, meseji za rota, na uwe na namba za watu wa nyumba nyingine kabla hujazihitaji. Ila usisaini cheti cha mafunzo ambayo hukupata. Mzee akidondoka kwenye slingi, jina litakalosomwa ni la kwako.

Ripoti yetu rasimu ilienda kwa manija kwanza, wana siku 10 za kazi kurekebisha kama kuna jambo la ukweli limekosewa, alafu ikatoka. Requires Improvement. Majina ya wafanyakazi hayaandikwi, lakini kulikuwa na sentensi kwamba kumbukumbu za vinywaji hazikuaminika, na kila mtu aliyekuwa zamu alijua ni kikombe kipi. Daraja ni lazima kisheria libandikwe mahali linaonekana, kwahiyo kwa zaidi ya mwaka nilikuwa naingia kazini naipita ile karatasi kwenye fremu, pembeni ya kopo la miavuli.

Bibi wa chumba 14 hakuwahi kunisema. Ila tangu siku ile kila nikimpelekea chai alikuwa anakunywa mpaka tone la mwisho, ananyanyua kikombe juu anakipindua nione hakuna kitu, ananiambia haya, sasa andika.